Kilo za Mama

DEREVA: Haloo? Nani mwenzangu?

MCHUMBA: Nani tena! Mchumba wako. Nimefika duka la spea.

DEREVA: Ee, samahani mpenzi, niko chini ya gari. Wanazo?

MCHUMBA: Shokapu zilizovaa springi juu yake, wanazo. Ila zile za kurekebishwa, bei yake ni kizunguzungu. Za bei yetu— (mtandao unakwaruza)

DEREVA: Haloo?

MCHUMBA: —hazirekebishwi! Unachagua mara moja tu, laini au ngumu. Ukikosea, shauri yako.

DEREVA: Laini! Umesahau mama yako alivyogonga kichwa kwenye paa la gari langu? Kilemba kikaniangukia usoni!

MCHUMBA: (anacheka) “Binti yangu haolewi na mtu anayenipepeta kama mchele!”

DEREVA: Usicheke, wewe! Jumapili nampeleka kwa wazazi wangu. Akishuka analalamika tena, sina mke.

MCHUMBA: Basi sikia. Laini zikizidiwa na uzito zinagota chini. Ngumu zikikosa mzigo zinarusha. Muuzaji anauliza, nyuma anakaa mtu wa kilo ngapi?

DEREVA: Mwambie… Eti, mama ana kilo ngapi?

MCHUMBA: Thubutu! Sisemi.

DEREVA: Tisini?

MCHUMBA: Sikusikii, mtandao—

DEREVA: NASEMA, MAMA YAKO ANA KILO NGAPI? ANAFIKA MIA?

MCHUMBA: Yarabi.

DEREVA: Nini?

MCHUMBA: Nimekuja naye. Amekaa hapa kwenye benchi. Duka zima limekusikia.

DEREVA: Mungu wangu, nimekwisha! Kata simu! Kata—

MAMA: (anapokonya simu) Usikate.

DEREVA: Shi… shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Mia na kumi na nne.

DEREVA: Mama, mimi sikuwa na nia—

MAMA: Nimeshiba, sijaiba. Muuzaji, tupe ngumu.

DEREVA: Hapana, mama! Ngumu zitakurusha! Ukiwa peke yako huko nyuma—

MAMA: Nani kakwambia napanda peke yangu? Nakuja na shangazi wawili wa binti yangu. Na hao ndio wanene, mimi mwembamba.

DEREVA: Wote watatu? Kwani kuna nini, mama?

MAMA: Wewe naye! Tarehe ya harusi nitaipanga na wazazi wako nikiwa mmoja?

DEREVA: Harusi? Mama, umesema harusi? Rudia, mama!

MCHUMBA: (kwa mbali) Mama, salio linaisha!

MAMA: Jumapili saa nne, usinicheleweshe. Na uoge hiyo grisi, mkwe—

DEREVA: Mama? Haloo? …Kaniita mkwe! Haloo! Jamani, kaniita mkwe!