Buibui wa Bondeni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa makumbusho yetu, wakuu wa idara, wageni waalikwa, na wewe shemeji yetu uliyevumilia unga wa jikoni kwako kwenda porini: habari za mchana!

Tunamuaga dada yetu, mkuu wa chumba cha buibui. Sisi wa chumba hicho tunamwita Mama Magoti. Tulianza kwa utani, lakini leo nalitamka jina hilo kwa heshima zote.

Buibui wake ni mdogo kuliko punje ya mtama. Hutandaza utando bapa kama shuka, chini kabisa, kati ya majani makavu. Vitabu vilisema anaishi milimani tu. Ramani yetu ilijaa madoa huko juu kwenye baridi, na huku bondeni ilikuwa nyeupe pe! Dada akasema, "Hata huku yupo." Tukacheka. Wataalamu wakamjibu, "Lete dume lililokomaa," kwa kuwa bila dume huwezi kumtofautisha na jamaa zake.

Ndugu zangu, kwa nini sisi hatukumwona? Milimani ukungu hutua juu ya utando, ukauona hata ukiwa umesimama. Bondeni ni kukavu, unaukanyaga na kupita. Ramani ile haikutuonyesha anakoishi buibui. Ilituonyesha ukungu unakoishia! Dada peke yake ndiye aliyepiga magoti, akapuliza unga kidogo kidogo juu ya majani, mpaka shuka ikajitokeza.

Lakini kila mara alipata majike na watoto. Ikabaki safari moja kabla ya kustaafu, na mimi nilikuwepo. Nikamwona ameganda.

"Dada, ni dume?"

"Nyamaza, utampeperusha!" Kisha akacheka mpaka machozi. "Ni dume, mdogo wangu. Tena bwana harusi kamili!"

Nilimkumbatia, unga ukatujaa wote wawili. Sijapata kufurahi vile kazini.

Wataalamu wamekubali. Wenzetu wa mabonde mengine nao wameinama, na kila anayeinama anampata. Na jana, yule bingwa aliyempinga dada kuliko wote alipiga simu, sauti imemnywea. Amempata buibui huyo nyuma ya ofisi yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka kwenye kiti alichokalia akiandika kwamba hayupo.

Dada, umeshinda! Simama wakuone.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.