Mikono ya Batul bint Allal, Msuguaji wa Hamamu ya Wafumaji

Marehemu Batul bint Allal alitolewa katika bafu la umma la mvuke, hamamu ya Mtaa wa Wafumaji, hapa Wazzan, kwa uongo. Aliambiwa kwamba serikali imempiga marufuku kusugua watu, na hata kuoga humo, kwa sababu ya mabaka meupe yaliyokuwa mikononi mwake. Serikali haikusema hivyo. Aliyesema ni Hajja Shama, mwenye hamamu, na wakati akisema alijua kwamba si kweli. Marehemu aliishi na uongo huo miaka minane bila kuujua, na karibu sita mingine akiujua, akafa nao.

Wasifu huanza na kuzaliwa. Huu umeanza hapa kwa sababu mdogo wake, Yamna, aliyeutunga kwa mdomo na kumpa binti yake Hanan auandike na kuusoma, hana tena nguvu za kuzungusha maneno.

Batul alizaliwa majira ya baridi ya mwaka 1963, kijijini Ain Bida, wakati wa mavuno ya zeituni. Alikuwa wa kwanza. Baada yake walizaliwa wawili waliokufa wachanga, kisha Yamna, ambaye Batul alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ana kibyongo. Baba yao, Allal, alikuwa kibarua kwenye kinu cha mafuta. Alipohamia mjini aliwaleta wote, wakapanga chumba kimoja nyuma ya tanuri la hamamu, ambako ukuta ulikuwa na joto usiku kucha. Ndiyo hamamu hiyo hiyo.

Shule aliiona kwa nje tu, akimpelekea mtoto wa jirani mkate aliousahau. Alichojua alifundishwa na Mama Mennana, msuguaji mzee wa chumba cha moto. Alimfundisha kuuacha mwili ulainike kwa sabuni nyeusi kabla ya kuugusa, kusugua kuelekea moyoni, kutomsugua mwenye kidonda, na kutomsugua mtu kwa glavu ya kusugulia ya mwingine hata akilia. Haya yote serikali ilikuja kuyaandika kwenye karatasi baadaye sana. Mama Mennana aliyasema kwa matusi.

Alianza kazi mwaka 1979, na mikono yake ilipata jina upesi. Wanawake waliacha zamu za wasuguaji wengine wakakaa kumngoja, miguu ndani ya ndoo. Yuko mke wa mthibitishaji wa ndoa, mwanamke mwenye maringo, aliyezoea kujisugua mwenyewe kwa ncha za vidole. Siku moja Batul alimkamata mkono.

"Lalla, hii ni ngozi au zulia? Umebeba vumbi la Ramadhani mbili."

"Mimi naoga kila wiki, mwanamke wewe."

"Unalowa kila wiki. Kuoga ni leo."

Alipomaliza, mke wa mthibitishaji alitazama kilichotoka mwilini mwake, akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuguswa na mwingine. Na Batul hakumtangaza kwa mtu. Habari hii Yamna aliipata kwa mke wa mthibitishaji mwenyewe.

Mwaka 1984 aliolewa na kinyozi Jilali, ambaye kwa heshima huitwa Si Jilali, na ambaye duka lake limepakana na mlango wa wanaume wa hamamu. Si Jilali ni mtu wa maneno machache na nyembe nyingi. Kila kichwa wembe wake, na akimaliza huuvunja mbele ya mteja ili mteja aone. Vinyozi wenzake walimcheka kwamba anafuga umaskini. Yeye alisema tu, "Mimi nawashika kichwa, mke wangu anawashika mgongo. Mtaa huu tukiuambukiza sisi, nani atauponya?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Anwar na Siham.

Mabaka yalianza baada ya kumzaa Siham, kwanza kwenye vifundo vya vidole, kisha yakapanda mpaka viwiko. Ni mbalanga. Haiwashi, haitoki maji, haihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Wanawake wa mtaa walimwona kila Alhamisi, siku yao ya kuoga, na hawakusema neno, kwa sababu mikono ilikuwa ile ile. Walimtania kwamba anageuka Mzungu kwa awamu.

Kisha nyumba mpya zilijengwa chini ya kilima, zikaleta watu wasiomjua, na karibu na stendi ya mabasi ikafunguliwa hamamu nyingine yenye vigae vinavyong'aa na bomba la mvua kwa kila mtu. Mwanamke mmoja wa nyumba mpya alimvuta mtoto wake kutoka mikononi mwa Batul mbele ya watu. Wiki iliyofuata, waliokuwa wakiketi karibu yake walisogeza ndoo zao.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2009, manispaa ilileta masharti ya afya kwa vinyozi na mahamamu, yakabandikwa kwenye milango yote miwili, wa Si Jilali na wa Hajja Shama. Wembe mpya kwa kila mtu. Taulo zichemshwe. Kila muogaji na glavu yake. Mwenye ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza asiingie wala asihudumu. Baada ya siku chache bwana afya alikuja kukagua. Alimkuta Batul akifua mikeka, akaitazama mikono yake kwenye mwanga wa mlangoni na kumwuliza kama inawasha, kama inatoa maji. Batul akajibu hapana. Bwana afya akaingia ndani kukagua mifereji, Hajja Shama akamfuata nyuma. Waliyozungumza huko Batul hakuyasikia.

Kesho yake alfajiri, Hajja Shama alimzuia mlangoni, macho mekundu kama aliyelia.

"Dada yangu, usinichukie. Bwana afya amekataa. Amesema nikikuona ndani, hata kwa kuoga, anafunga."

"Amesema ni ugonjwa wa kuambukiza?"

"Amesema hivyo. Mimi ningefanya nini? Ni serikali."

Batul alirudi nyumbani na beseni lake. Hakwenda kuuliza. Watu wa aina yao hawakuzoea kwenda ofisini kuidai serikali sababu ya neno lake. Si Jilali alitaka kwenda, Batul akamshika kanzu. "Wakija kukufungia na wewe, watoto watakula nini?"

Aliamini. Hilo ndilo watu wengi waliopo hapa hawakulijua. Aliamini kwamba mikono yake ni ya hatari. Kwa miaka minane alikanda unga wa mkate wa nyumbani kwake akiwa amevaa glavu za plastiki. Alikuwa na glasi yake ya chai, yenye mstari wa buluu, na aliiosha peke yake. Wajukuu walipokuja kutoka Tanja aliwabusu kichwani, juu ya kofia. Si Jilali alikuwa akinywa makusudi kwenye ile glasi yenye mstari, naye alimpokonya na kugomba.

Mwezi wa Agosti 2014, Hanan aliolewa. Desturi ya familia hii, kama ya wengi hapa, ni kwamba aliyemsugua mama siku ya harusi yake humsugua binti. Batul ndiye aliyemsugua Yamna, na Hanan, tangu akiwa mchanga, Batul alimwahidi, akimwambia, "Mgongo huu ni wangu." Yamna alikwenda kwa Hajja Shama kumwomba kwa siku hiyo tu, saa hiyo tu. Hajja Shama alishika kifua. "Yamna, mwanangu, ingekuwa ni mimi, ningempa ufunguo. Serikali haina harusi."

Jioni ile wanawake waliteremka mtaani na mishumaa, wakimswalia Mtume, Batul akiwa mbele na mshumaa wake. Walipofika mlangoni alimkabidhi Yamna mshumaa, na glavu yake ya zamani iliyochemshwa mara mbili, akazunguka nyuma kwa mchochea tanuri. Alikaa juu ya magunia ya machicha ya zeituni, mgongo wake kwenye ule ukuta wa joto aliokulia, akasikiliza vigelegele kutoka upande wa pili. Mchochea tanuri alimpa chai. Ndani, Hanan alisuguliwa na mwanamke mwenye haraka, ambaye alimwacha na mkwaruzo begani. Yamna alipotoka na bibi harusi, dada yake aliuona ule mkwaruzo kabla ya kuona hina. Alisema tu, "Hakungoja ngozi ilainike."

Yamna hajaisahau jioni hiyo. Alimwoza binti mmoja tu.

Ukweli ulikuja kwa njia ya wembe. Mwaka 2017, yule yule bwana afya, sasa mwenye mvi na karibu kustaafu, aliingia dukani kwa Si Jilali kukagua.

"Wembe uliotumika unatupa wapi, Si Jilali?"

"Kwenye kopo lile. Nauvunja kwanza."

"Vizuri. Na mkeo, bado anasugua hapo jirani? Mama yangu alimsifu mpaka anakufa."

Si Jilali alidhani anadhihakiwa. Alimwuliza kama si yeye aliyemkataza.

"Mimi? Kwa mbalanga? Nilimwambia mwenye hamamu mwache mama wa watu afanye kazi, mbalanga haiambukizi. Nilimwambia ashughulikie mfereji wake ulioziba, si mikono ya watu."

Si Jilali alimwacha mteja na povu shavuni, akaenda nyumbani. Batul alikuwa anakanda unga. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Amesema kwa mdomo wake?" Kisha akavua zile glavu za plastiki, akazitia jikoni kwenye makaa, akaendelea kukanda kwa mikono mitupu. Yamna alikuwepo. Nyumba ilinuka plastiki siku mbili. Mkate ule waliula wote, na mgeni akanyweshwa chai kwenye glasi yenye mstari.

Wale dada wawili walikwenda pamoja kwa Hajja Shama. Hakukana. Aliwawekea chai na keki za lozi, akasema kwa sauti ya chini.

"Lalla Batul, wateja walikuwa wanahama. Ningekutoa mimi, ungenichukia mimi. Nikaona bora uichukie serikali, yenyewe imezoea."

"Nilijichukia mwenyewe, Hajja," alisema Batul.

"Njoo Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua. Nitakusugua kwa mikono yangu. Tuyamalize."

"Nikiingia kwa siri, nitakuwa nimekubali kwamba mlikuwa na haki. Waambie wanawake. Alhamisi, chumba cha moto, wakiwa wamejaa. Ukishawaambia, nitakuja."

"Nitawaambia. Nipe muda tu."

Alipewa muda. Alhamisi ziliisha, zikaja nyingine. Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga mahamamu yote ya nchi na maduka ya vinyozi pia, Batul alikaa mlangoni kwake na kucheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Leo sote tuna mbalanga," alimwambia Yamna. Yalipofunguliwa tena, wote walirudi ndani isipokuwa yeye.

Moyo wake ulianza kuvimba mwaka 2021. Miguu ilijaa maji, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara mbili. Hakuwa mgonjwa msumbufu. Alichouliza kila Ijumaa, Yamna alipoingia na sahani ya kuskusi, ni kama kuna neno lolote limesikika hamamuni jana. Yamna, ambaye tangu harusi ya bintiye huoga kwenye ile ya stendi, alikuwa akiuliza kwa majirani kwanza ili asije na jibu la kubuni. Jibu lilikuwa lile lile.

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 11 Januari 2023, kabla ya adhuhuri, mume wake akiwa amemshika mkono bila kitu chochote katikati. Mwoshaji maiti alipofika na kuona mikono, aliuliza kwa wasiwasi kama avae glavu mbili. Yamna alimwomba aketi, achukue chai, aelekeze kwa mdomo. Alimwosha dada yake mwenyewe. Maiti hasuguliwi, humwagiwa maji taratibu, kulia kwanza, kisha kushoto. Mgongo wa yule aliyesugua migongo ya mtaa mzima ulikuwa haujaguswa na maji ya mkono wa mwingine kwa miaka kumi na mitatu. Yamna hakuharakisha.

Jioni ya maziko, Hajja Shama alileta koni tatu za sukari, kama ilivyo desturi, akalia sana. Koni hizo ziko hapo karibu na mlango, na karatasi zake za buluu hazijafunguliwa.

Marehemu ameacha mume, Si Jilali, mwana, Anwar, na mkewe, walioko Tanja, binti, Siham, wajukuu watatu, ambao mkubwa wao ameanza kuota baka jeupe kwenye kidole na ameambiwa na babu yake asilifiche, dada mmoja, Yamna, na Hanan, ambaye marehemu alimwahidi kuusugua mgongo wake.

Leo ni arobaini. Hajja Shama amealikwa, na nafasi yake imewekwa karibu na dirisha. Kama amekuja, amesikia. Kama hakuja, atasimuliwa kabla kuskusi haijapoa.

Mola amkaribishe Batul penye maji yasiyo na mlango wala mlinzi, na mikono yake iwe shahidi wake. Yeye hana deni kwa mtu. Hajja Shama anadaiwa maneno aliyoahidi: kwamba bwana afya alisema Batul ni mzima, naye akasema kinyume. Hayalipwi hapa penye msiba, wala kwa sukari, wala sikioni mwa Yamna. Yanalipwa chumba cha moto, siku ya Alhamisi, wanawake wakiwa wamejaa. Na wale waliosogeza ndoo zao wanadaiwa kuwepo na kusikiliza.