Ndoo ya Makaa Isivuke Kizingiti

Sogeeni karibu, wanangu, kwa maana mkikaa kule sauti yangu haitawafikia. Mpolokeng, binti yangu, keti hapa miguuni. 'Maneo, mkwe wangu, mpakate mtoto ukae kando ya mumeo. Na wewe Tšeliso, hiyo ndoo ya makaa unayoichochea nje iache huko huko mpaka nimalize, kwani ukiiingiza humu kabla sijasema, sitasema tena.

Tangu theluji ianze juzi mmekuwa mkibishana mkidhani nimelala, nami nimesikia yote. Tšeliso anataka kung'oa nyasi za nyumba ya mviringo aiezeke bati kama hii, na kuzipasha joto zote mbili kwa makaa ya mawe. Mpolokeng anasema umeme umeshafika, tununue hita, kana kwamba hajui kuwa nguzo ya pale kijitoni huanguka kila theluji inapokuwa nzito. 'Maneo anataka gesi ya mtungi, na mumewe akamjibu kwamba gesi ni ya watu wa mjini Maseru wanaoogopa majivu. 'Maneo akasema, "Wewe unayeyapenda majivu, Baba Neo, mbona sijawahi kukuona ukiyazoa?" Nilicheka ndani ya blanketi. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilimsikia Tšeliso akisema kwamba leo makaa yakiiva ataileta ndoo humu nipate joto, na mtoto alazwe ubavuni pangu.

Mali kwanza, maana haina maneno mengi. Mbuzi wote wa manyoya ni wa Mpolokeng, na asije mtu kumwambia kwamba mwanamke aliyeolewa hana zizi kwao. Shamba la ngano chini ya mwamba ni la Tšeliso, pamoja na ng'ombe, isipokuwa yule dume mwekundu ambaye nitamtaja. Farasi mtumie nyote. Nyumba hii ya bati nayo ni ya Tšeliso, lakini ina sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Mnajua kwamba dada yenu Khopotso, ambaye kwa jina lake naitwa 'Makhopotso mpaka leo, alifariki akiwa na miaka sita, kabla hamjazaliwa. Mliambiwa kwamba shangazi yenu 'Mateboho alimletea uji mchachu wenye sumu. Mliambiwa hivyo kwa kuwa mimi nilinyamaza. Uji haukuwa na kitu.

Nyumba hii ilikuwa mpya, ya kwanza ya bati kijijini. Baba yenu aliijenga kwa jasho la mgodini, na wanawake kule kwenye chemchemi walinitania kwamba nimehamia ndani ya kopo. Nilijivuna. Mwaka ule theluji ilianguka siku tatu mfululizo, na bati lilikuwa baridi kuliko nyasi, basi nikafanya kama tulivyofundishwa sote: niliwasha makaa ya mawe kwenye ndoo iliyotobolewa, nje, nikangoja mpaka yakaiva, yakawa mekundu bila hata uzi mmoja wa moshi, ndipo nikaiingiza. Sisi tulijua adui ni moshi. Ukishaisha, moto ni salama. Mama yangu alinifundisha hivyo, wala hakunidanganya, kwa kuwa yeye alikuwa akiingiza ndoo chini ya nyasi, na nyasi hupitisha hewa. Mimi niliiingiza chini ya bati, dirisha nimelisokomeza matambara, nyufa nimezikandika udongo na samadi. Kisha nikatoka kuwafukua kondoo waliofunikwa zizini, na nilipofunga mlango nikasukuma gunia chini yake, upepo usimfikie mtoto.

Kondoo walikuwa kumi na saba. Niliwatoa wote wazima. Niliporudi, Khopotso alikuwa amelala kwa ubavu, mashavu mekundu kama mtu mwenye afya njema. Nilimwita, nikamtikisa. Na kando ya ndoo paka naye alikuwa amekufa.

Nisikilizeni hapa. Paka hakuonja uji. Nilimshika mkia nikamfukia kwenye theluji nyuma ya nyumba, nikaitoa ndoo, nikayang'oa matambara mengi niliyoweza, ndipo nikapiga yowe. Watu walipofika walikuta mtoto na bakuli la uji. Bibi yenu akauliza nani alimlisha, nikasema 'Mateboho. Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. 'Mateboho alinitazama mbele ya watu wote, akasema, "Wifi, mimi nimekula katika chungu hicho hicho. Waambie." Sikuwaambia. Walimfukuza siku ile ile, akavuka mlima kwa miguu na blanketi moja, mjane, hana pa kwenda.

Baba yenu alirudi siku ya nne. Alitazama tambara moja lililobaki kwenye kona ya dirisha, akaniuliza, "Moto ulikuwa ndani?" Kule mgodini walifundishwa habari za hewa isiyo na moshi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Nikasema haukuwamo. Hakuniuliza tena, lakini mpaka anakufa hakulala humu mlango ukiwa umefungwa, nanyi mkadhani ni ukaidi wa mzee. Wewe Tšeliso ulipozaliwa akakupa jina hilo, yaani faraja, nami kila nilipokuita nilijua ninafarijiwa huku mtu mwingine amebeba kosa langu.

Nipeni maji kidogo.

Sharti ni hili. Nyumba ya nyasi isiezuliwe. Humo endeleeni kuchoma samadi kavu, moshi wake unawatoa machozi lakini unaonekana, na unatoka. Humu mtatia jiko la chuma lenye bomba, bomba lipite paa na kuzidi kilele chake kwa urefu wa mkono, na theluji ikianguka mtu apande alisafishe kabla kiberiti hakijawashwa. Jiko hilo linakula samadi, kuni, hata makaa yako ya mawe, Tšeliso, sikunyimi. Dume mwekundu auzwe kwa ajili hiyo. Gesi ya 'Maneo iwe ya siku ambazo bomba limeziba, na dirisha likae wazi upana wa kiganja hata kama mnatetemeka. Umeme uwe wa taa na simu. Lakini ndoo isivuke kizingiti, iwe ina moshi au haina, awe ameileta mtoto wangu au chifu mwenyewe.

Unasema nitaganda. Nitaganda kidogo, nina mablanketi matatu. Unasema makaa yameiva, hayana moshi hata chembe. Nami nilisema hivyo hivyo. Usinijibu kwa maneno, mwanangu. Toka, chukua beleshi, uimwagie ndoo theluji. Ukikataa, nyumba ni ya Mpolokeng. Nenda, nataka kusikia.

Mpolokeng, usilie, bado. Shangazi yako yu hai, yuko Linakaneng kwa mwanawe. Mumwendee kwa farasi, si kwa simu. Mwambieni mbele ya watoto wake, na mbele ya chifu wao, kwamba paka naye alikufa. Ataelewa. Akitaka kuja kunitukana kaburini, mpeni kiti. Na akitaka kurudi kwao, pale palipokuwa na nyumba yake... pasilimwe. Ni pake.

Mbona kimya huko nje.

...Haya. Nimesikia. Imelia kwa nguvu, eh. Imwagie tena. Tena. Sasa rudi ndani, Tšeliso, mikono yako itakufa ganzi. Nyumba ni yako.

Mvua iwashukie, wanangu. Amani ikae nanyi... mifugo izae, na asiwepo kati yenu... asiwepo wa kubeba la mwenziwe. Nimewasamehe kelele zenu zote. 'Maneo, dirisha... fungua kidogo. Zaidi. Hapo.

Mlete Neo hapa kifuani. Mfunike vizuri... usimfunike uso.

Nyamazeni nimsikie anavyopumua.

Vyema.