Ubao wa Futi Kumi na Mbili na Nusu

FUNDI: Haloo? Haloo! Ni nani mwenzangu?

MUUZAJI: Haloo, karibu! Hapa ni duka la mbao za majini. Nani anaongea?

FUNDI: Mimi ni fundi cherehani, niko ng'ambo ya pili ya ziwa. Hujambo, mwanangu?

MUUZAJI: Sijambo, mama. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba. Nataka ule ubao ambao mtu anasimama juu yake, anapiga kasia, na anakwenda mbali. Narudia, mbali. Sitaki wa kupigia picha.

MUUZAJI: Umenikuta mwenyewe, mama! Nimekuweka kwenye spika, maana mikono yangu iko kwenye pampu, ila usijali, nakusikia. Mbali kiasi gani?

FUNDI: Kutoka huku hadi huko kwenu.

MUUZAJI: Kilomita kumi na nne?

FUNDI: Ndiyo maana nimesema mbali.

MUUZAJI: Ni mazoezi, au kuna mashindano?

FUNDI: Nakwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike.

MUUZAJI: Lakini mama, basi lipo. Mwendo wa saa mbili tu, na kiti unapata.

FUNDI: Sijauliza basi. Niambie habari za ubao.

MUUZAJI: Haya, tuanze na urefu. Kwa safari ndefu chukua futi kumi na mbili na nusu, wenye ncha iliyochongoka. Ule unakata maji na kunyooka. Ukichukua mfupi wa mviringo, utakuwa unazunguka palepale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

FUNDI: Futi kumi na mbili na nusu. Naandika. Upana?

MUUZAJI: Huu ninaoujaza upepo ni inchi thelathini.

FUNDI: Thelathini! Mwanangu, mimi nashona sketi. Thelathini ni kiuno cha msichana wa shule. Nyonga zangu mimi ni arobaini na nane.

MUUZAJI: Mama, huu hauvaliwi! Unasimama juu yake.

FUNDI: Na nikianguka? Si nitaukalia?

MUUZAJI: Basi upo wa thelathini na mbili. Ukipanuka sana unatulia, lakini unakuwa mzito kuusukuma. Ukiwa mwembamba unakimbia, lakini unataka miguu iliyozoea. Umewahi kusimama juu ya—

FUNDI: Nafanya mazoezi wiki ya tatu sasa. Nimelaza meza ya kupigia pasi juu ya tairi la gari, pale sebuleni. Nasimama nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, nikiwa na ufagio mkononi.

MUUZAJI: Ufagio?

FUNDI: Ndio kasia. Mume wangu sasa anapita mlango wa jikoni. Nilimgonga mara mbili, na mara moja alikuwa na chai.

MUUZAJI: [anacheka] Jamani! Subiri kidogo, mama. Kuna— [mikwaruzo] —anauliza unajua kuogelea.

FUNDI: Nani anauliza?

MUUZAJI: Mama Mifuko. Yuko hapa nyuma yangu, ndiye anayetushonea mifuko ya kubebea mbao hizi.

FUNDI: Mwambie naogelea tangu utotoni. Asiyejua ni mdogo wangu. Yeye akiona beseni limejaa, anashika ukuta.

MUUZAJI: Ameangusha mkasi. Pole, Mama Mifuko! Haya, tuendelee. Uzito wako, mama?

FUNDI: Sabini.

MUUZAJI: Mama, namba hii ni muhimu. Ukinidanganya, ubao hautadanganyika. Utakaa chini ya maji kidogo, na kila pigo la kasia litakuwa kama kusukuma kabati.

FUNDI: Themanini na nne. Na hilo liishie hapohapo dukani.

MUUZAJI: Limeishia. Na mzigo? Maji ya kunywa, chakula, nguo za kubadilisha?

FUNDI: Maji, mkate, gauni moja. Na chuma.

MUUZAJI: Chuma gani?

FUNDI: Chuma tu. Kilo kumi na tano hivi. Huo ubao una mahali pa kufungia?

MUUZAJI: Una kamba za mpira mbele. Lakini lazima nijue ni nini, kwa sababu kikiwa kirefu kwenda juu, kitapindua—

FUNDI: Ni kichwa cha cherehani.

MUUZAJI: Cherehani! Ziwani?

FUNDI: Nimekifunga ndani ya nailoni tatu, na kila mshono nimeupaka nta. Hakitaona tone.

MUUZAJI: Miguu yake je? Au ni ile ya mezani?

FUNDI: Ni ya kukanyaga. Miguu iko kwingine.

MUUZAJI: Kwingine wapi?

FUNDI: Mama yetu alipofariki, aliacha cherehani moja na mabinti wawili. Mimi nikachukua kichwa, mdogo wangu akachukua miguu. Nilisema kichwa ni haki ya mkubwa. Sasa ni mwaka wa sita nazungusha gurudumu kwa mkono, juu ya meza ya kulia chakula.

MUUZAJI: Na yeye ana miguu bila kichwa.

FUNDI: Tulikata cherehani kama mkate. Siku ile alisimama mlangoni akaniambia, "Usikanyage kwangu mpaka siku utakayosimama juu ya maji ukaja kwa miguu yako." Ndiyo hiyo sasa. Kwa hiyo usiniambie basi.

MUUZAJI: Mama, mtu akiwa na hasira anasema tu. Sasa tuna kayaki, mtumbwi wa plastiki, unakaa vizuri, mgongo umeegemea—

FUNDI: Hakusema nikae. Alisema nisimame. Mimi namjua. Nikija nimekaa, atasema nimechakachua.

MUUZAJI: [anacheka] Aah, mama, wewe ni mtu wa— [mikwaruzo] —haloo?

FUNDI: Haloo! Niko hapa. Ongea haraka, vocha yangu inakimbia.

MUUZAJI: Themanini na nne, na kumi na tano, na maji. Karibu mia na tano. Huu wa thelathini na mbili unabeba mia hamsini, kwa hiyo uko salama. Cherehani ilaze ubavu, karibu na katikati, isiwe ncha kabisa. Utatoka alfajiri kabla upepo haujaamka, utavaa jaketi la kuelea, na kamba ya mguuni inayokushika na ubao usiifungue kwa sababu yoyote. Na mtumbwi wenye mtu uje nyuma yako. Hilo sibishani nawe.

FUNDI: Mume wangu atakuja nyuma. Amesema afadhali huko kuliko ufagio.

MUUZAJI: Safi sana. Hivi namba yetu ulipewa na nani?

FUNDI: Mteja aliniletea mfuko wa ubao, zipu imekufa. Namba yenu imeandikwa ubavuni. Mfuko ule nani aliushona?

MUUZAJI: Mama Mifuko huyuhuyu. Yote anashona yeye, kwa mkono.

FUNDI: Kwa mkono. Mfuko wa futi kumi na mbili.

MUUZAJI: Siku tatu kila mmoja! Tumemwambia atafute mashine. Ajabu ni kwamba meza anayo, ile ya chuma ya kukanyaga, lakini juu ni tupu. Anawekea uzi na—

FUNDI: Kwenye pembe anarudisha sindano mara tatu kabla ya kukata uzi.

MUUZAJI: Umejuaje?

FUNDI: Ndivyo tulivyofundishwa. Nilibadilisha zipu tu. Pembe sikuzigusa.

MUUZAJI: Mama... spika bado iko wazi.

FUNDI: Najua. Ulisema mwanzoni.

MUUZAJI: Ulijua tangu mwanzo?

FUNDI: Niliujua mfuko. Mkasi ukanihakikishia. Hata utotoni alikuwa anaangusha.

MUUZAJI: Mimi sasa nisimame wapi? Mama Mifuko, njoo uongee, shika simu. Hataki. Anatikisa kichwa. Anasema... anasema uje umekaa.

FUNDI: Amesema nini?

MUUZAJI: Uje umekaa. Anasema hata kwa basi. Narudia kama alivyosema: "Hata kwa basi."

FUNDI: Mwambie tairi limetoboka, meza ya pasi imevunjika mguu na ndoa yangu imeyumba. Siji kwa basi baada ya hayo yote. Ubao nimeshauchagua.

MUUZAJI: Anasema ukaidi huo anaujua, na kwamba ukianguka yeye hataingia majini kukuokoa.

FUNDI: Aingie wapi, yule wa beseni!

MUUZAJI: Amecheka! Mama, sijawahi kumsikia akicheka. Ngoja, anaongeza. Anasema atakaa ufukweni na taulo, tangu alfajiri. Na kwamba hiyo meza ataifuta vumbi.

FUNDI: Aipake na mafuta kwenye kanyagio. Lazima limeshika kutu. Na mkanda wa ngozi upo?

MUUZAJI: Anasema upo, ameuning'iniza ukutani tangu siku ile.

FUNDI: Haya. Ubao upakieni kwenye lori la Alhamisi, nitausubiri gatini huku kwetu. Jumamosi nakuja. [mlio] Hiyo ni vocha, inaniaga.

MUUZAJI: Utaletwa Alhamisi, mama! Na kasia liwe refu kuliko wewe kwa shubiri moja, usisahau—

FUNDI: Sawa, sawa, asante, mwanangu, Mungu akubariki. Mwulize kitu kimoja. Cherehani hii imeishiwa sindano, na kichwa chake hakikubali yoyote ile. Mwulize kama bado anakumbuka ni namba—

[simu inakatika]

MUUZAJI: Haloo? Mama? Haloo? Imekatika, Mama Mifuko. Alikuwa anauliza namba ya sindano. Kumi na sita? Una uhakika? Basi usinililie mimi, chukua simu yangu, umpigie umwambie.