Mnyama Kwenye Gome Jeupe

Beñat, funga huo mlango, upepo wa mlimani unaingia na mimi sina tena joto la kugawa. Maialen, toka hapo dirishani ukae. Si huko, hapa, upande wa pili wa kitanda, nikuone. Nina maneno ya kuwaachia, wanangu, na nitayasema mara moja tu, kwa hiyo fungueni masikio, maana asiyesikia hataweza kumuuliza mwenzake: mwaka wa pili huu hamjasemezana, watu wazima wenye mvi, ndugu wa tumbo moja, mmenuniana kwa ajili ya mnyama ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona hapa kwa macho yake. Nilizaa wawili tu, na wote wawili nimewapata hivi. Daktari amesema siku tatu au nne. Yule naye ana sura ya mtu anayekisia uzito wa ng'ombe, lakini safari hii nadhani amepatia.

Tuanze na vidogo. Ile sufuria nzito ya chuma ya kuokea mkate, niliyokuwa nikiifukia kwenye makaa kule kambini kwa wachungaji, ni yako Maialen, ingawa mkate wako hauliki na mbwa huunusa tu wakaenda zao. Mbwa ni wa Beñat, pamoja na kondoo wote na nyumba hii, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki hapa, na sisemi alibaki kwa mapenzi, alibaki kwa sababu hakujua pa kwenda. Watoto wa Stoddard wasibebe jeneza langu. Baba yao aligeuza mfereji wetu wa maji mwaka wa sitini na moja, mume wangu akiwa amelazwa, na tangu siku hiyo ukoo mzima unanivulia kofia, kana kwamba kofia inanywesha kondoo. Waje wale, wanywe divai, washibe, lakini jeneza wasiguse.

Sasa lile kubwa. Malisho ya juu, yenye chemchemi na ule msitu wa miti ya gome jeupe, hayo ndiyo yanayowatoa macho. Alhamisi kuna kikao kule mjini cha kuamua kama idara ya wanyama ilete elki arobaini kwenye milima yetu, kulungu wale wakubwa kama farasi, wenye pembe za matawi, na njia yao itapita kwenye malisho hayo. Maialen anasema wanarudi kwao, kwamba walikuwepo hapa kabla watu hawajawamaliza. Beñat anasema hawajawahi kuwepo, watakula majani ya kondoo na kuvunja seng'enge. Nimewasikiliza nyote na mmenichosha. Wewe Beñat na wafugaji wenzako mnakaa kwenye baa mnagonga meza na kuapa kwamba milima hii haikuwahi kuona elki, kana kwamba mlikuwepo siku Mungu anaipanga. Babu zenu walishuka melini juzi tu kutoka ng'ambo, na wale waliokuwa wakikaa hapa kabla yetu hakuna aliyewahi kuwauliza. Na wewe Maialen, na chama chako cha watu wa mjini, darubini shingoni na mabuti yasiyojua mavi, mnawalilia elki machozi ya kweli, lakini kondoo akizaa vibaya mbele yenu mnageuza uso.

Kisha kuna hao wanaojiita mashahidi. Kila vuli mtu anaona elki. Mke wa mwenye duka alimwona mmoja barabara ya shule, akasimamisha gari, akalia kwa furaha, kumbe ni ndama wa Stoddard aliyenaswa na tawi kichwani. Yule fundi wa pampu alileta picha, ikazungushwa baa nzima, wakaitazama juu chini, mpaka mimi nikavaa miwani nikawaambia haya ni makalio ya farasi, na farasi mwenyewe namjua. Mwalimu mstaafu alisikia elki akipiga mbinja alfajiri. Alichosikia ni bawaba ya lango langu, ambalo Beñat hajalitia mafuta tangu baba yake afe. Na yote hayo, Maialen, yameandikwa kwenye daftari la chama, kwa mwandiko wako mzuri, pamoja na tarehe.

Lakini shahidi wenu mkubwa ni mti. Miaka sita iliyopita, Maialen, ulipanda malisho ya juu, ukaukuta mti mmoja una mchoro mweusi wa mnyama wa miguu minne, na juu ya kichwa chake kitu kama matawi, na chini yake jina na mwaka, 1953. Ukateremka mbio, huna pumzi, ukaniuliza, "Mama, Peio ni nani?" Nikakwambia ni kaka yangu. Hukuniuliza alichora nini, ulikuwa umeshajua. Wiki iliyofuata ukaniletea Bwana Pruett wa idara, yule mwenye ndevu zilizochongwa, akaupima mchoro kwa futikamba, akaguna, akasema, "Bibi, hili ni dume la elki, matawi sita kila upande. Mchungaji alimwona hapa hapa." Nikamuuliza, "Na huo mkia mrefu wenye shungi?" Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye nisiyejua wanyama, akasema, "Hapo kwenye mkia alikosea." "Na masikio je?" "Ameyatia chumvi kidogo." Mtu ana shahada tatu, anauona mkia, halafu anaamua kosa ni la mkia, huyo utamwambia nini? Nikawakaangia soseji za pilipili, wakala, wakanishukuru kwa ushahidi wangu.

Ni punda, wanangu. Ni punda wa kaka yangu, akiitwa Pantxo, amebebeshwa kuni. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimewapelekea wachungaji mkate na maharage, na Peio alikuwa na siku arobaini hajaongea na kiumbe ila kondoo na punda huyo. Akafungua kisu akamchora pale pale aliposimama, mzigo umemzidi, kuni zimechomoza huku na huku juu ya kichwa. Nyinyi mmekulia hapa, mngepaswa kujua wachungaji wetu walivyokuwa wakichora: kwa ncha tu ya kisu, mstari mwembamba kama uzi, kwa sababu ukikata zaidi ya hapo unauharibu mti. Siku ya kuchora huoni kitu. Mti ndio unaochora baadaye, kovu linavimba, linakuwa jeusi, mwaka hata mwaka, mpaka miaka kumi ipite ndipo picha isimame, na kovu likizidi kuvimba, ukuni unakuwa tawi na tawi linakuwa pembe. Kila mchungaji alilijua hilo, lakini wachungaji wamekufa, wamebaki wataalamu. Peio mwenyewe hakuwahi kuiona picha yake. Theluji ya Aprili ilimkuta kule juu na kondoo, ana miaka ishirini na minne, tukamzika na shati la kuazima. Nilimpenda kaka yangu kuliko nilivyompenda mtu yeyote baadaye, na baba yenu alilijua hilo na hakunung'unika hata siku moja.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni nilikuwa najifurahisha, nacheka peke yangu jikoni, watu wazima mia mbili wamepanda mlima kupiga picha na punda. Kisha nikaanza kuona kwamba wanapanda kumtazama Peio. Miaka sitini hakuna aliyelitaja jina lake isipokuwa mimi, nami kimoyomoyo tu, na sasa limo kwenye ripoti, watoto wa shule wanalitamka vibaya, na mimi nikapenda. Halafu ukapewa ile tuzo ya kuugundua mti, Maialen, ukasimama jukwaani na gauni la bluu, nikakuona unavyong'aa, nikasema basi, imeshapita. Huo ni uoga. Nimewadharau watu wengi maishani na karibu wote walistahili, lakini kwa hili najidharau mwenyewe. Nilikuacha usimame juu ya mgongo wa punda mbele za watu, na wewe Beñat nikakuacha umwite dada yako mwongo mezani pangu, kumbe mwongo ni mimi niliyekuwa katikati nawapakulia supu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Sijasema unishike kichwa, nina shingo bado.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu. Septemba iliyopita, Beñat, ulinipandisha na pikapu mpaka malisho ya juu, ukaniacha kwenye kiti changu ukaenda kutengeneza hori la maji. Ilikuwa mchana kweupe. Akatoka mnyama kwenye miti, shingo ya manyoya meusi, matako meupe, ukubwa wake hata Pruett hajawahi kuuota, na nyuma yake mtoto. Nimeona ng'ombe, nimeona farasi, nimeona kila aina ya kulungu, najua nilichokiona. Hakuna aliyewaleta, hawakungoja kikao, walikuja kwa miguu yao kutoka huko magharibi. Na yule jike akaenda moja kwa moja kwenye mti wa Peio, akaanza kumenya gome kwa meno ya chini. Alianza na zile kuni. Nilikuwa na fimbo, ningeweza kupiga kelele. Nililia kwa hasira, na sikupiga kelele, na mpaka leo siwezi kuwaambia kwa nini. Aliacha miguu minne na ule mkia. Kwa hiyo msijisumbue kupanda kwenda kuhakikisha, si pembe si kuni, hakuna kilichobaki cha kuhakikisha. Nimebaki mimi, na mimi naondoka.

Waliposhiba wakashuka mpaka pale kwenye pengo la mlima, kwenye seng'enge yetu. Mama akaruka. Mtoto akashindwa. Akakimbia huku na huku kando ya waya, huku na huku, muda mrefu sana, mama yake amesimama upande wa pili anamtazama, hali, hasogei, mpaka yule mdogo akajipenyeza kwa chini na kuacha manyoya na damu kwenye miiba. Uliporudi uliniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikakwambia ni vumbi, nawe ukaridhika, kwa sababu wewe huridhika upesi.

Basi haya ndiyo maagizo. Maialen, Alhamisi utasimama kikaoni kabla Pruett hajafungua mdomo, useme: mchoro ule ni punda, mama yangu alijua, na mimi nilikosea. Watacheka. Hutakufa. Ukishasema hilo ndipo uwaombee elki kwa sababu yoyote ya kweli uliyonayo, kama unayo. Beñat, utakaa naye kiti cha mbele, bega kwa bega, na wenzako wakicheka wewe hutacheka, hata kile kicheko chako cha puani, nakijua. Na kila mwaka, kondoo wakishashuka Oktoba, utazilaza waya za lile pengo chini kabisa, mpaka Mei ndipo uzikaze tena. Sikuambii uwapende. Ni wezi, wanakula gome la marehemu. Lakini nimemwona mama akimngoja mtoto wake kwenye waya wangu mimi, na sitaki kufa nikiwa mwenye waya ule. Kama waliwahi kukaa hapa zamani mimi sijui, Pruett hajui, na nyinyi hamjui, wamekuja, inatosha.

Malisho ya juu ni yenu wote wawili, hati moja, hayagawanywi wala hayauzwi bila sahihi mbili. Mmoja akikataa agizo lake, yanakwenda yote kwa watoto wa Stoddard. Ndiyo, hao hao. Mwanasheria ameshaandika, na yeye pia alinitazama kama mnavyonitazama sasa.

Mazishini chinjeni kondoo wawili, vitunguu saumu msivionee huruma, divai iwe nyekundu na isiwe ile ya kwenye makopo. Pruett asihutubie. Padri asizidishe dakika kumi, hajui kitu kunihusu, nilihakikisha hivyo. Mnizike... mnizike karibu na Peio, baba yenu ataelewa, amezoea.

Mto umeteleza. Niinueni kidogo. Beñat, shika bega hili, Maialen, lile. Si hivyo, mnanivuta kama gunia la sufu. Pitisheni mikono nyuma ya mgongo wangu, mshikane huko. Mshikane, nimesema. Eh. Hapo. Mkono wa nani huo wa baridi, ni wako Maialen? Umekuwa na mikono ya baridi tangu utotoni, kaka yako ndiye aliyekuwa anakupulizia, mnasahau kila kitu nyinyi.

Mungu awabariki, wapumbavu wangu. Awape watoto wenu... awape uvumilivu wa kukaa na nyinyi. Awape miguu ya kupanda kule juu mpaka uzeeni. Sina baraka nyingine, nimezimaliza.

Msiachie bado. Sasa sema, Maialen, Alhamisi mtaondoka saa ngapi. Usinitazame mimi, mimi siendi huko. Mwambie yeye.