Chumba cha Pumba Kilichosingiziwa Wizi

Mgeni rasmi, Mhandisi Lutfor Saheb wa ofisi ya umeme. Mwenyekiti wetu wa kata. Wazee, majirani, na ninyi mliopanda ukutani ili muone vizuri:

Sisi wakulima wa maua wa Kusumdanga tunakukaribisha kwa mikono miwili. Shali iliyo kwenye kiti chako si pambo. Mara ya mwisho ulipoingia katika chumba chetu cha baridi uliomba chai mara tatu, nasi hatujasahau.

TULIKOTOKA

Majira ya baridi mwaka juzi, ukungu ulifunga kivuko siku nne, katikati ya msimu wa harusi. Lori la maua ya Dhaka likarudi na mzigo wake. Mwenzetu Tohura Khatun, mwenye shamba la gladiola na rajanigandha, yale maua meupe yanayonukia usiku, nyuma ya kinu cha mpunga, alisimama akatazama ng'ombe wa jirani wakitafuna mavuno yake. Hakulia. Alimgeukia mumewe, Mokbul.

"Baba Rina, lile duka la dawa sokoni mbona lina baridi hata wakati wa joto?"

"Lina kiyoyozi."

"Basi na maua yangu yatapata kiyoyozi."

Mokbul alicheka hadi akakohoa. "Mimi mumeo najipepea kwa gazeti, maua yako yalale kwenye kiyoyozi?"

Tohura alijenga. Kuta mbili za matofali, moja ndani ya nyingine, na katikati nafasi ya mkono mzima. Nafasi hiyo aliijaza pumba kavu za mpunga, akazishindilia kwa mchi na kuzichanganya na chokaa ili wadudu wasihamie. Juu ya dari pumba, chini ya sakafu pumba. Mlango ukavishwa mpira wa magurudumu usipitishe hewa. Kisha akamwita Fundi Ratan na kiyoyozi cha mtumba.

"Dada, hiki hakishuki chini ya nyuzi kumi na sita," alisema Ratan. "Ndivyo kilivyozaliwa."

"Basi kidanganye."

Ratan alijikuna kichwa wiki nzima. Mwishowe alifunga kidude kidogo kinachokipasha joto kile kipimajoto cha ndani ya kiyoyozi, ili mashine idhani chumba bado kina joto na iendelee kufanya kazi; na barafu ikianza kuota kwenye mabati yake membamba ya ndani, kidude kinaipumzisha mashine. Chumba kikashuka hadi nyuzi sita. Mgeni rasmi, tunakiri mbele yako: mashine tuliidanganya. Mita yako hatukuigusa.

TULICHOFANIKIWA

Sasa maua ya kaya kumi na tisa hulala humo, na kivuko kikifungwa hatukimbii kutafuta ng'ombe. Pumba zinashika baridi kiasi kwamba mashine hupumzika muda mwingi kuliko Mokbul. Yeye mwenyewe amekuwa mlinzi mkali wa mlango, tangu alipoficha humo mkungu wa ndizi mbivu, na hewa ya ndizi hizo ikayazeesha maua ya watu kwa siku mbili tu.

CHANGAMOTO

Tarehe kumi na nane Februari, siku tatu kabla ya nchi nzima kwenda kuweka maua kwenye minara ya mashahidi wa lugha, wale waliouawa wakiitetea lugha yetu, chumba kikiwa kimejaa hadi darini, alikuja mkaguzi wako. Aliitazama mita, akakizunguka chumba, akairudia mita.

"Mama, chumba kikubwa hivi, na mita inatembea kama konokono? Waya wa pembeni uko wapi?"

"Hakuna waya, mwanangu. Kuna pumba."

"Pumba hizo kamwambie mwingine."

Akakata umeme. Kwenye ubao wa ofisi ya kata akabandika barua yenye muhuri: Tohura Khatun, mwizi wa umeme.

Sisi tunaomsifu leo, siku ile tulimfokea. "Fungua tuyauze, hata kwa bei ya majani!" Yeye alivuta kigoda, akakaa mgongo ukiwa mlangoni. "Mkifungua, baridi inatoka pamoja nanyi. Rudini makwenu." Tena baadhi yetu tulizunguka nyuma tukautafuta huo waya. Hatukuuona. Tunaona haya kulisema, lakini tumekubaliana liandikwe.

Alfajiri ya tarehe ishirini, lori lilipofika, Tohura aliinuka akafungua. Kipimajoto kilikuwa kimepanda kutoka sita hadi kumi na moja, basi. Gladiola zilikuwa bado na vitumba vilivyofumba kama siku zilipokatwa. Zote ziliondoka, na mnunuzi hakurudisha hata shina moja.

Wiki iliyofuata ulikuja mwenyewe, na kipimo chako, ukakaa ndani tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Ulitoka pua inachuruzika, ukasema, "Mita haina kosa," ukaamuru umeme urudishwe. Kwa hilo tunakushukuru kwa dhati.

OMBI

Wageni wetu huombwa nguzo na transfoma. Sisi tuna ombi dogo zaidi. Ile barua bado iko ubaoni, huu mwezi wa nne tangu ibandikwe. Mvua imekula pembe zake, jina haikuligusa. Rina hupita hapo kila siku akienda shule. Maneno yako ya kumsafisha mama yake yalisikiwa na watu watano na gladiola. Ya kumchafua yanasomwa na kata nzima.

Tunaomba barua ya pili, yenye muhuri uleule, kwenye ubao uleule.

Tulimwomba Tohura mwenyewe asome risala hii. Alijibu, "Tangu lini mwizi akapewa kipaza sauti?" Akacheka. Sisi hatukuweza.

Tunafahamu kwamba muhuri wako hutembea nao mfukoni. Meza iko pale kivulini, karatasi ipo, na kalamu tumeijaribu inaandika.

Mwenyezi Mungu akupe afya, aibariki nyumba yako, na aujalie mkono wako wepesi leo hii.

Ni sisi,
Wakulima wa Maua wa Kusumdanga, kaya kumi na tisa.
Imesomwa na katibu, Kohinur Begum.