Linasemaje, Asiyeshika Kibodi ya Mtu

Shemeji wa marehemu, muuza kompyuta za mtumba, alimfahamu kwenye biashara, kabla hawajawa ndugu. Marehemu alikuja dukani kutafuta kompyuta, akaambiwa, "Hii chuma, dada, haina hata kikohozi." Kuiwasha tu, kioo kikajaa maandishi. Muuzaji akaruka kuizima, marehemu akamzuia mkono: "Usizime, kaka. Kosa linasemaje?" Akasoma hadi mwisho, akateremsha bei, akaondoka nayo. Fundi wa nyuma ya duka, mdogo wake muuzaji, akauliza huyo ni nani. Fundi huyo na marehemu walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2005, wakajaliwa mabinti wawili.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Machi 1978, kifungua mimba wa mshona nguo na karani wa reli. Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2002 akahitimu chuo kikuu katika sayansi ya kompyuta.

Aliajiriwa na kampuni inayotengeneza mfumo wa stoo za dawa za hospitali, na hakuihama. Alipokuwa mkubwa wa timu alikabidhiwa wahandisi wachanga awafunze. Kijana akilia, "Dada, imekataa," yeye alivuta kiti, akakaa mikono mapajani.

"Kosa linasemaje?"

"Sijasoma, dada."

"Basi soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Wakambandika jina, Linasemaje. Wakubwa walinung'unika kwamba anachelewesha kazi. Angeandika mwenyewe, walisema, yakaisha. Hakubadilika. Ila kila kijana aliyeiva alichukuliwa na kampuni nyingine, naye akaanza upya na mbichi.

Mwaka 2022 daktari alimkuta na uvimbe tumboni, akataka apasuliwe upesi. Marehemu aliomba muda, mpaka apatikane mtu wa kuachiwa mfumo. Shemeji yake hakumung'unya maneno: "Hapa unapunjwa, shemeji. Unapika, wanakula wengine."

Akacheka. "Huyu wa sasa atabaki."

Huyo wa sasa aliacha kazi wiki ile ile aliyopangiwa marehemu kulazwa. Marehemu akaahirisha kulazwa, akarudi ofisini, akavuta kiti kwa mwingine. Alipopasuliwa hatimaye, uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Alifariki hospitalini tarehe 11 Februari 2024.

Jana, msiba ukiwa umejaa watu, simu ya marehemu iliita, mumewe akapokea. Alikuwa kijana wa ofisini: mfumo umekwama, hospitali hazioni dawa zilizomo stoo. Mumewe akauliza, kwa mazoea ya nyumba yake, "Kosa linasemaje?"

"Hatujui, shemeji. Tumeshauzima."

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi na wadogo zake. Wale walioiva wana kazi nzuri, msibani amefika mmoja tu. Kampuni imebaki na mfumo usio na msomaji, na mabinti wamebaki bila mama. Alale salama. Simu yake nayo imezimwa.